Simu ya Kupangusa na Ng'ombe wa Bibi Dorkasi

Mwaka ule simu za kupangusa zilipoanza kupanda milimani, kijiji kizima cha Mtae kilikuwa nazo mbili tu. Moja ya mwalimu mkuu, na ya pili ya kijana wa bodaboda aliyekuwa akiitoa mfukoni kila akisimama, hata kama hakuna aliyempigia. Watu wengine wote walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vitufe zenye tochi kichwani, na Klara alikuwa mmoja wao.

Klara alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, akiishi na bibi yake, Bibi Dorkasi, kwenye nyumba ya mwisho kabla mlima haujakatika na kuiachia nyika chini. Alikuwa na haya mpaka watu wakazizoea. Kanisani aliketi benchi la nyuma, dukani alinong'ona, na akisalimiwa na mwanaume njiani aliitikia akiangalia majani. Shule aliiacha darasa la nne, mama yake alipougua, kwa sababu nyumbani kulikuwa na ng'ombe wa kukatiwa majani na hapakuwa na mwingine wa kuyakata. Mama alifariki. Ng'ombe yule akazaa, mtoto wake naye akazaa, na mjukuu wake ndiye Pambo, ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni, aliyekuwa amebaki peke yake zizini. Wenzake Klara walitoka shule na cheti. Yeye alitoka na Pambo.

Sasa shida ilikuwa hii: Pambo alikuwa hashiki mimba.

Milimani kule watu hawafugi madume, majani yenyewe ni ya kubeba kichwani. Ng'ombe akianza joto, yaani akitaka dume, unampigia simu Clemence, daktari wa ng'ombe aliyekaa Mlalo, naye anapanda na pikipiki yake na mtungi wa baridi wenye mbegu za madume bora. Lakini joto la ng'ombe halingoji. Linakuja kila baada ya siku ishirini na moja au karibu na hapo, na likija ni la siku moja. Daktari akiwahi mno ni kazi bure, akichelewa ni kazi bure. Kwa hiyo Clemence, kabla hajawasha pikipiki, huuliza maswali.

Na hayo maswali ndiyo yaliyokuwa balaa. Mara ya kwanza Klara alimpigia, akasalimia vizuri, shikamoo na habari za huko. Kisha Clemence akauliza kwa sauti ya kazi tu, "Ute umeshatoka?"

Klara akageukia ukuta. Yeye, msichana, azungumze na mwanaume wa umri wa baba yake habari za nyuma ya ng'ombe?

"Umetoka au bado?"

"Ndiyo."

"Mweupe au una damu?"

"Ndiyo."

"Unavutika, au umeshakatika?"

"Ndiyo," Klara akasema, masikio yakiwaka moto, akakata simu.

Clemence akaja kwa kubahatisha, na akabahatisha vibaya. Joto lilikuwa limeshapita. Siku ishirini na moja baadaye Pambo akalia tena kwa joto kama vile hakuna lililotokea.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, na ilihusu kitochi chenyewe.

Kitochi cha nyumba ile kilining'inia kwa uzi kwenye msumari wa dirisha la jikoni, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao uliposhika. Ndani yake kulikuwa na majina, lakini Klara hakuwa akiyasoma. Kusoma alijua, ila herufi zilimjia moja moja, kama kuku wanaoingia bandani jioni, na hakutaka mtu amwone akiziita midomoni. Basi alihesabu. Kufungua majina, halafu kubonyeza chini: jina la kwanza ni Beatha, rafiki yake, la pili ni Bwana Mwinjilisti, la tatu ni Clemence, la nne ni Mjomba. Kidole kilijua njia hata gizani.

Jumapili moja binamu yake Aron alikuja kula, akakichukua kitochi akaandika namba yake, kwa nia njema kabisa. Jina lake likaenda kukaa juu kuliko yote na kuwasukuma wengine chini hatua moja. Hakumwambia mtu, kwani nani angedhani ni jambo la kuambiwa?

Alhamisi yake, asubuhi, Pambo akaanza kulia. Klara akakimbilia dirishani, akahesabu moja, mbili, tatu, akabonyeza. Na kwa kuwa safari hii alikuwa ameapa kutosubiri kuulizwa, akayasema yote kwa pumzi moja:

"Shikamoo, ni Klara wa kwa Bibi Dorkasi, yule wetu ameanza tangu alfajiri, hali kitu, analia tu, njoo leo hii, kesho tutakuwa tumechelewa!" Akakata.

Kisha akaenda zizini, akakaa kumngoja Clemence.

Haikufika saa nne, akasikia wimbo wa kanisani ukija polepole njiani, ule wanaouimba kwa wagonjwa. Akachungulia kwenye ufa. Mwinjilisti Kristian alikuwa mbele na Biblia kwapani, nyuma yake akina mama watatu wa ushirika, mmoja amebeba chupa ya chai na mwingine ameshaanza kufuta machozi. Bibi Dorkasi alikuwa ameketi uani juu ya kigoda, mzima kama jiwe la kusagia, anachambua maharage.

"Bwana Yesu asifiwe, mama," mwinjilisti akasema, sauti ikimpungukia.

"Amina. Karibuni. Mnakwenda kumzika nani?"

Watu wakatazamana. "Mama, tumeambiwa... tumeambiwa huli."

"Mimi?" Bibi akaweka ungo chini. "Nimekula viazi vitatu na uji juu yake. Nani kasema sili?"

"Na kwamba unalia tangu alfajiri."

"Mimi nilie nini, Kristian, nimepigwa?"

Hapo Pambo, kama aliyekuwa akingoja zamu yake, akatoa mlio mrefu uliotetemesha bati la zizi. Yule mama aliyekuwa akifuta machozi akaanza kucheka ndani ya kanga yake, wa pili akamfuata, mpaka Mwinjilisti Kristian mwenyewe akalazimika kugeuka kuitazama nyika mabega yakimcheza.

"Haya," alisema alipotulia. "Tumeshafika na Biblia, haturudi bure. Mgonjwa yuko wapi tumwombee?"

Wakamwombea Pambo. Chai ikanywewa. Klara hakutoka zizini mpaka wageni walipoondoka. Clemence alipopatikana alikuwa ameshavuka upande wa pili wa milima kwenye ng'ombe wa watu wengine. Alifika kesho yake, akatazama, akatikisa kichwa. Damu ilikuwa imeshaonekana, joto limepita.

Jioni ile mjomba wake Klara alipiga simu kutoka Magoma, bondeni. Huyu ni Yohane, mtoto wa kwanza wa Bibi Dorkasi, mnunuzi wa mahindi, mtu wa maneno machache yasiyorudiwa. Habari za mwinjilisti na ng'ombe zilikuwa zimeshateremka mlima zikamfikia, tena zikiwa zimeongezewa chumvi.

"Mama, ng'ombe anakula mwaka mzima hana ndama wala maziwa," akasema. "Anamchosha Klara bure. Mpeni nafasi ya mwisho. Akikosa, nakuja na gari nimpeleke mnadani."

"Ni ng'ombe wa marehemu dada yako," Bibi akasema.

"Ndiyo maana nimengoja mpaka sasa."

Klara alikuwa ameshika kuni mkononi. Aliziweka chini. Alikwenda zizini akasimama amemwegemea Pambo, akisikia moyo wa mnyama ukipiga taratibu, akajua kwamba ana siku ishirini na moja, na kwamba kilichomfikisha hapo si ng'ombe. Ni kidole chake kilichohesabu badala ya jicho kusoma, na mdomo wake usiofunguka.

Clemence ndiye aliyemtia wazo. Alipokuwa akifunga mtungi kwenye pikipiki siku ile aliyochelewa, alitoa simu mpya, pana, haina kitufe hata kimoja mbele.

"Mwanangu, mimi nimeinunua hii mwezi uliopita. Tazama." Akapitisha kidole, kioo kikatelezea pembeni kama pazia, ikatokea picha ya ukwato wa ng'ombe wa mtu. "Mwenye ng'ombe huyu yuko kijiji cha Mambo. Hakuniambia kitu, kanitumia picha. Nimemtibu kwa kuona. Ungekuwa nayo kama hii, usingehitaji kunijibu 'ndiyo' tena."

Alisema bila kumcheka, na Klara, kwa mara ya kwanza, akainua macho. Kioo kile kilikuwa king'avu kuliko maji ya chemchemi. Akatamani kukigusa, akaogopa, akaficha mikono nyuma.

Basi likawa suala la nyumba. Klara alikuwa na pesa ya njegere zake mwenyewe, alizozilima kwenye ngazi mbili za shamba la mama yake. Pesa ile ilitosha kununua kitochi kipya na kanga juu, au ingekwenda yote kwenye simu ya kupangusa iliyokwishatumika.

"Kitochi kinakaa na chaji wiki," Bibi Dorkasi akasema. "Nimesikia hizo zinakula chaji kama nguruwe. Ya mwalimu inalala kila siku saa nane mchana. Ng'ombe akianza joto saa tisa, utamwambia angoje?"

"Nitaizima, bibi. Nitaiwasha siku yenyewe."

"Kitochi kikianguka unakiokota. Ile ikianguka unaokota vigae."

"Sitaiangusha."

"Na mkono huu?" Bibi akaunyoosha mkono wake, mgumu kama gome. "Ya kijana wa bodaboda niliigusa, haikunijua. Nikaigonga, ikakaa kimya. Simu gani inachagua watu?"

Klara aliutazama ule mkono. Lakini usiku na mchana aliwaza kitu kimoja: picha haiulizwi maswali. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo Bibi ilibidi ainamishe sikio kuipata, "Bibi, na kitochi mimi nitasema 'ndiyo' tena. Najijua."

Bibi akajifunga kanga upya. "Basi nenda Lushoto," akasema. "Ila kitochi kinabaki hapa kwenye msumari wake. Hicho ni changu."

Siku ya soko Klara alikuwa Lushoto mbele ya meza ya Mwanahamisi, mama mnene wa Tanga aliyeuza simu za mkono wa pili chini ya mwavuli wa rangi, amezipanga juu ya kitambaa cheusi kama samaki.

"Karibu mwanangu. Unanunua au umekuja kujitazama sura kwenye vioo vyangu?"

"Shikamoo. Nataka... hizi za kupangusa."

"Marahaba. Haya, shika. Shika tu, haiumi!"

Klara akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na ya baridi. Akabonyeza kwa nguvu, kama anavyobonyeza kitochi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akahisi uso ukipata moto. Ncha ya kidole chake ilikuwa na sugu ya mundu, nene, imepasuka.

"Unaigonga kama unapiga hodi kwa mwenye deni," Mwanahamisi akacheka. "Lete mkono. Hicho kidole cha mundu kipumzishe, tumia cha pembeni. Polepole. Ipanguse kama unavyomfuta mtoto machozi."

Klara akapangusa, na kioo kikafunguka.

Miaka mingi baadaye angekumbuka dakika ile kuliko safari nzima. Vitu vyote vilikuwa vimejipanga mbele yake kwa picha: saa ilikuwa saa, bahasha ilikuwa bahasha, simu ya kupigia ilikuwa kisikizio cha kijani. Hakuna kuhesabu. Hakuna herufi zinazoingia bandani moja moja. Akagusa alama ya kamera, na soko lote likaingia kwenye kiganja chake, makabichi, mapeasi, watu wakitembea wadogo wadogo ndani ya kioo, rangi zao zilezile. Akasahau haya zake akacheka kwa sauti.

"Eeh, Mgosi wa kike kafurahi!" Mwanahamisi akasema, akimtania kwa jina la watu wa milimani. "Sasa nikuonyeshe utamu wenyewe. Majina humu unaweza kuyawekea sura. Nipige picha mimi. Ngoja nifunge mtandio." Akafunga mtandio, akainua kidevu, akapigwa picha, kisha akamwonyesha jinsi ya kuiweka kwenye namba. "Ukinitaka, usiniandike. Nitafute uso, uniguse hapa shavuni, nitaitika."

"Uso?" Klara akauliza. "Hata mtu mwingine akiongeza jina lake?"

"Waongeze kijiji kizima. Shavu langu litabaki kuwa langu."

Klara hakuuliza bei mara mbili.

Wiki iliyofuata Mtae ilimwona Klara mwingine. Alilazimika kuwaendea watu, maana sura haziji zenyewe. Alimpiga picha Beatha na kuni kichwani. Mwinjilisti Kristian alikwenda ndani kuvaa tai kwanza, akasimama mlangoni pa kanisa, akasema, "Nipige vizuri, Klara, ili siku nyingine usinichanganye na daktari wa ng'ombe." Klara akacheka mpaka picha ikatoka imetikisika, ikabidi arudie. Clemence alitumiwa salamu, akapita akapigwa picha akiwa na buti zake za mvua na kofia yake ya bluu. Mjomba Yohane alikuwa mbali, hakuwa na picha. Klara akafikiri, akapiga picha gunia la mahindi, akaliweka mahali pa uso wake.

Bibi Dorkasi alijifanya haoni. Lakini jioni moja Klara alipoingia jikoni alimkuta amevaa kilemba chake cha Krismasi, ameketi wima karibu na moto.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Siendi popote. Kama unapiga, piga."

Siku ya kumi na saba tangu joto lile, kama alivyoahidi, Klara aliichaji simu dukani mpaka ikajaa, akaizima, akaifunga kwenye kitambaa cha sufi na kuiweka ndani ya kopo la unga lililokuwa tupu, kuikinga na ukungu. Ilikuwa kazi ngumu kutoifungua. Siku ya kumi na tisa mchana alishindwa. Aliiwasha "kidogo tu", akatazama soko la Lushoto, akatazama sura zote moja moja, akatazama picha ya Pambo akiwa amelala, kisha akatazama tena soko. Alipozinduka, alama ya chaji ilikuwa imeshuka hadi robo. Akaizima. Duka lenye sola lilikuwa limefungwa, mwenyewe amekwenda msibani. Bibi aliona yote. Akatupia jicho kitochi kwenye msumari wake.

Siku ya ishirini asubuhi ukungu ulikuwa mzito mpaka kuku hawakutoka bandani. Pambo akalia.

Klara alikuwa ameshaamka. Alitoka na kopo chini ya kanga. Pambo alikuwa anazunguka, hataki majani, mkia ameuinua. Na chini ya mkia ute ulikuwa unaning'inia. Klara akawasha simu. Iliwaka polepole ikiimba wimbo wake, naye akiibembeleza, "Haya, haya, acha kuimba." Chaji ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu.

Picha ya kwanza ilitoka ukungu mtupu. Ya pili ilikuwa mguu wake mwenyewe. Akashusha pumzi, akainama, akasogea karibu, akashika mkia kwa mkono wa kushoto, akapiga. Ikatoka. Kila kitu ambacho asingekisema kwa mwanaume hata kwa kulazimishwa kilikuwa pale, wazi, na mtu aliyekitazama hakuhitaji kumtazama yeye usoni.

Ila jikoni mtandao wa kutuma picha haukuwepo. Dirisha lile lilitosha sauti tu. Klara akakimbia. Mahali penyewe palikuwa jiwe kubwa nyuma ya kanisa, lililochungulia nyika, ambako minara ya bondeni ilifika. Alipanda jiwe akihema, akafungua majina. Zikaja sura. Beatha na kuni zake, mwinjilisti na tai yake, gunia la mjomba, na kofia ya bluu. Akagusa kofia ya bluu.

Haikuitika.

Akagusa tena. Vidole vilikuwa vimeloa ukungu, vimeganda, na simu haikuvijua, kama ile ya bodaboda isivyomjua Bibi. Chaji iliendelea kushuka, aliiona. Zamani hapo angelia. Sasa alisikia moyoni sauti ya Mwanahamisi, akaipakata simu kifuani, akaingiza mikono yote miwili kwapani, akaibana na kuhesabu mpaka thelathini huku meno yakigongana. Akakausha kidole cha pembeni kwenye nywele zake. Akapangusa shavu la Clemence polepole, kama anayemfuta mtoto machozi.

Likafunguka. Akachagua picha, akatuma. Kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka, mpaka akaona hata ukungu unazunguka nacho. Kisha kikatoweka.

Simu ikaita. Kofia ya bluu ikajaa kioo kizima.

"Klara! Usiseme kitu, nimeona. Ute mweupe, unang'aa, unavutika kama wa yai. Safi kabisa. Lakini nikija sasa nitakuwa nimewahi. Nitakuwa hapo saa tisa mchana. Mpe maji, mtulize. Umesikia?"

"Ndiyo," Klara akasema. Na safari hii ilikuwa kweli. Halafu, kabla haya hazijamkamata, akaongeza, "Anainua na mkia. Na tangu jana jioni alipunguza kula."

"Vizuri sana! Hilo ndilo nililo..." Kioo kikawa cheusi. Chaji ilikuwa imekwisha.

Saa tisa pikipiki ililia njiani. Clemence alifanya kazi yake kwa muda mfupi kuliko alivyotumia kunawa mikono. Akiwa anakunywa chai alisema, "Bibi, wafugaji ninaowahudumia ni wengi. Huyu mjukuu wako ndiye wa kwanza kuniambia saa ya kuja bila kunidanganya hata kidogo."

Bibi akaitikia, "Mm," kisha akamwongezea sukari.

Zikaja siku ishirini na moja za kungoja: Pambo akilia tena, basi hakushika mimba. Mjomba Yohane alikuwa amesema angekuja siku hiyo mwenyewe ashuhudie, na alikuja kweli, na gari la mizigo, na kamba. Alisalimiwa, akampa mama yake shikamoo, akakaa juu ya kigoda mbele ya zizi tangu asubuhi, akimtazama Pambo kama anavyotazama mizani.

Pambo alikula majani. Akanywa maji. Akalala, akacheua.

"Atalia mchana," Yohane akasema.

Mchana ukaja. Pambo akacheua.

"Pengine jioni."

"Pengine wewe ndiye utakayelia, Yohane," Bibi Dorkasi akasema akichambua maharage yake. "Tangu asubuhi hujala."

Kesho yake pia alibaki, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuhakikisha. Pambo akacheua kutwa nzima, doa lake jeupe usoni likipanda na kushuka. Klara akaja akampiga picha akiwa hivyohivyo, akaituma kwa Clemence toka kwenye jiwe. Jibu lilirudi kabla hajashuka: atakuja mimba ikifika mwezi wa tatu kumpima kwa mkono, lakini kwa anavyoona, wakunje kamba zao.

Klara akamwonyesha mjomba, akamsomea mwenyewe maneno, taratibu, herufi moja moja, bila kuficha midomo. Yohane alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono.

"Hebu niione."

Aliishika kama anayeshika kifaranga. Klara akamfundisha kupangusa. Akakutana na mwinjilisti na tai, akakutana na Bibi na kilemba cha Krismasi, akatabasamu, akapangusa tena, na hapo akasimama.

"Hili gunia ni nani?"

Klara akatazama majani. Bibi Dorkasi akainamia ungo, mabega yakaanza kumtikisika.

Yohane akalisogeza gunia karibu na macho. Kisha akairudisha simu, akaenda kwenye gari, akaitupa kamba nyuma. Akarudi mpaka zizini, akasimama kando ya Pambo, akaweka mkono mgongoni mwa ng'ombe yule wa dada yake, akavuta kola ya shati ikakaa sawa.

"Piga," akasema. "Na yeye aonekane."

Klara akakausha kidole kwenye kanga, akapiga.